Ukitapika damu ukapona, usidhani yamekwisha

Mwanamume mmoja, fundi wa magari mwenye umri wa miaka 47, aliingia katika kliniki yangu akitabasamu. Wiki tatu kabla ya siku hiyo alikuwa ametapika damu nusu beseni, akakimbizwa hospitalini usiku wa manane, akaongezwa painti nne za damu na kulazwa kwa siku sita. Sasa alikuwa amerudi kazini. "Daktari, Mungu ni mkubwa," aliniambia. "Nimepona kabisa."

Mfukoni alikuwa na barua ya hospitali iliyomtaka arudi baada ya wiki mbili ili mishipa iliyosalia ifungwe. Wiki hizo mbili zilikuwa zimepita. Tembe alizopewa zilikuwa zimeisha, naye hakununua nyingine. Muuzaji mmoja wa dawa alikuwa amemwambia kwamba hizo ni dawa za presha, na presha yake ilikuwa sawa. Kilichomleta kwangu ni maumivu ya mgongo, ambayo alikuwa akiyatuliza kwa tembe za kununua dukani.

Nilimweleza kwa haraka, nikamwandikia tembe tena na kumsihi arudi hospitalini Jumatatu. Foleni nje ilikuwa ndefu. Aliitikia kwa kichwa, lakini sasa najua kwamba hakunielewa. Hakwenda. Miezi miwili baadaye mkewe alinipigia simu kunieleza kwamba damu ilikuwa imetoka tena, na kwamba mumewe alikata roho kabla ya kufikishwa hospitalini.

Msomaji mpendwa, makala haya ni maelezo niliyopaswa kumpa mtu yule siku ile, nikiwa nimeketi naye bila haraka. Ikiwa wewe, mzazi wako au jirani yako amewahi kutapika damu kwa sababu ya ugonjwa wa ini, yasome hadi mwisho, kisha umsomee naye.

Damu hutoka wapi?

Watu wengi wakimwona mtu akitapika damu husema ni vidonda vya tumbo. Wengine husema amelishwa sumu au amerogwa. Ni kweli kwamba vidonda vya tumbo huweza kutoa damu. Lakini kwa mtu ambaye ini lake limeharibika, damu nyingi aghalabu hutoka mahali pengine: kwenye mishipa iliyovimba ndani ya umio, yaani ule mrija unaoteremsha chakula kutoka kooni hadi tumboni, au kwenye sehemu ya juu ya tumbo lenyewe.

Damu inayotoka kwenye matumbo na wengu haiendi moyoni moja kwa moja. Hupitia kwanza kwenye ini, kiasi cha lita moja hivi kila dakika. Ini lenye afya ni laini na damu hupenya humo bila taabu. Lakini ini likiumizwa kwa miaka mingi hujaa makovu na kuwa gumu. Hali hiyo ndiyo madaktari huita sirosisi. Damu ikifika hapo hukuta njia imebanwa.

Fikiria barabara kuu ya kuingia jijini inapofungwa asubuhi. Magari hayarudi nyumbani. Matatu huingia mitaani na kupenya vichochoro ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya magari. Damu nayo hufanya vivyo hivyo. Hujitafutia njia za pembeni, na mojawapo ni vile vimishipa vyembamba vya umio. Vimishipa hivyo, vilivyoumbwa kubeba damu kidogo tu, hulazimika kubeba mafuriko. Huvimba, kuta zake hukonda, na siku moja kimoja hupasuka.

Kwa kawaida hakuna maumivu yanayotangulia. Mtu anaweza kula chakula cha jioni vizuri, akalala, kisha akaamka usiku akitapika damu nyekundu au iliyoganda kama mashapo ya kahawa. Wengine hawatapiki. Dalili yao ya kwanza ni choo cheusi kama lami chenye harufu kali isiyo ya kawaida, pamoja na kizunguzungu wanaposimama.

Kwa nini inatoka tena?

Hospitalini damu hiyo husimamishwa kwa dawa za sindano na kwa kufunga mshipa uliopasuka. Mgonjwa huongezwa damu na kupewa dawa za kuzuia maambukizi. Baada ya siku chache anapata nguvu na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Hapo ndipo kosa kubwa hutendeka: mgonjwa na jamaa zake huamini kwamba ugonjwa umekwisha.

Ukweli ni kwamba kilichozibwa ni tundu tu. Ini bado ni gumu, msukumo wa damu bado uko juu, na mishipa mingine iliyovimba ingali pale pale ikingoja zamu yake. Kati ya kila wagonjwa 10 wanaoachwa bila matibabu ya kuzuia, takriban 6 hutokwa na damu tena katika muda wa mwaka mmoja hadi miwili. Wiki sita za kwanza ndizo za hatari zaidi. Na kila damu inapotoka, mgonjwa mmoja au wawili kati ya 10 hufariki katika wiki hizo sita, hata pale wanapotibiwa katika hospitali zenye vifaa vyote.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ajabu ni kwamba wengi wa wagonjwa hawa wameumwa na nyoka lakini hawaushtukii unyasi, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba nyoka bado yumo nyumbani.

Habari njema ni kwamba kuna njia mbili za kuzuia damu isitoke tena. Zote mbili zimethibitishwa, na hufanya kazi vizuri zaidi zikitumiwa pamoja kuliko moja ikitumiwa peke yake. Mwongozo wa kimataifa wa wataalamu wa ugonjwa huu, unaojulikana kwa jina la mji wa Baveno nchini Italia na ambao ulichapishwa upya mwaka wa 2022, unasisitiza jambo hilo.

Njia ya kwanza: tembe

Tembe zinazotumiwa zaidi ni propranololi na kavediloli. Mgonjwa hupewa mojawapo, si zote mbili. Muuzaji wa dawa aliyemwambia yule fundi kwamba hizo ni dawa za presha hakusema uongo. Dawa hizi hutumiwa pia kwa shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Lakini kwa mgonjwa wa ini, kazi yake ni kupunguza msukumo wa damu inayoelekea kwenye ini. Presha hiyo ya ndani haipimwi kwa kile kitambaa kinachofungwa mkononi na kujazwa upepo. Inaweza kuwa juu sana wakati ile ya mkononi ni ya kawaida kabisa.

Kazi hii ya propranololi ilidhihirishwa mwaka wa 1981 na Didier Lebrec pamoja na wenzake karibu na jiji la Paris, Ufaransa. Walichunguza wagonjwa 74 wa sirosisi waliokuwa wamewahi kutokwa na damu. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 96 ya waliopewa dawa walikuwa hawajatokwa na damu tena, ikilinganishwa na asilimia 50 ya waliopewa tembe zisizo na dawa. Uchunguzi uliofuata katika nchi nyingine ulionyesha faida ndogo kuliko hiyo, lakini faida yenyewe ilibaki, na dawa hiyo inatumika hadi leo. Isitoshe, ni dawa ya bei nafuu.

Daktari huanza na kipimo kidogo na kukiongeza polepole. Kwa propranololi, shabaha ni mpigo wa moyo ufikie kati ya 55 na 60 kwa dakika, huku presha ile ya juu isishuke chini ya 90. Unaweza kujifunza kuhesabu mpigo wako mwenyewe. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kisha utazame saa kwa dakika nzima. Andika hesabu hiyo katika daftari na uende nayo kliniki.

Kuna mambo matatu ya kukumbuka. Kwanza, usiache dawa hizi ghafla kwa sababu zimeisha au kwa sababu unajisikia vizuri. Kinga huondoka pamoja na dawa, na damu inaweza kutoka. Pili, mwambie daktari ikiwa una pumu, moyo unaopiga polepole mno, au ugonjwa wa kisukari. Mwenye pumu hafai kupewa dawa hizi, naye mwenye kisukari anaweza kukosa kutambua sukari inaposhuka. Tatu, ukishikwa na kuhara, kutapika, homa kali au kizunguzungu, au tumbo likianza kujaa maji, muone daktari siku hiyo hiyo. Huenda kipimo kikahitaji kupunguzwa au dawa kusimamishwa kwa muda. Uamuzi huo ni wa daktari.

Njia ya pili: kufunga mishipa kwa raba

Njia hii ilibuniwa katika miaka ya 1980 na daktari mpasuaji Greg Van Stiegmann wa Denver, Marekani. Hakuna kisu kinachotumiwa. Mgonjwa hulala ubavu, hupewa dawa ya kumtuliza, kisha daktari hupitisha mdomoni mrija mwembamba wenye taa na kamera. Uchunguzi huo huitwa endoskopia. Daktari akiuona mshipa uliovimba, huuvuta kidogo ndani ya kifuniko kilicho kwenye ncha ya mrija na kuufyatulia kipete kidogo cha raba. Kipete hicho huukaba mshipa, ambao hunyauka na kudondoka baada ya siku chache. Mahali pake hubaki kovu.

Tatizo ni kwamba mishipa yote haiwezi kumalizwa kwa siku moja. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa arudi kila baada ya wiki mbili hadi nne, mpaka mishipa itoweke. Wengi huhitaji kufungwa mara mbili hadi nne. Baada ya hapo huangaliwa tena katika muda wa miezi mitatu hadi sita, halafu kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, kwa maana mishipa hiyo huweza kuota upya. Ile barua ya fundi wangu haikuwa ya kumsumbua. Ilikuwa ni nusu ya matibabu yake.

Ukitoka kufungwa mishipa, kunywa vinywaji visivyo vya moto siku ya kwanza, kisha utumie uji na vyakula laini kwa siku chache kama utakavyoelekezwa. Maumivu kidogo ya kifua wakati wa kumeza ni ya kawaida. Lakini pale kipete kinapodondoka hubaki kidonda, na katika wiki mbili za kwanza kidonda hicho huweza kutoa damu. Kwa hivyo usisafiri kwenda mahali pa mbali na hospitali katika kipindi hicho.

Ikiwa hospitali iliyo karibu nawe haina kifaa hiki, usikae bure. Omba barua ya kwenda kwenye hospitali iliyo nacho, na wakati unapongoja endelea na tembe. Mwenye pumu naye, ambaye hawezi kumeza tembe hizi, azingatie zaidi kufungwa mishipa. Njia moja ni afadhali kuliko kukosa zote.

Pambana na chanzo

Kuzuia damu bila kutibu kilichoharibu ini ni sawa na kupiga deki huku bomba likiendelea kuvuja. Hapa nchini, vyanzo vikuu ni pombe, homa ya ini aina ya B na kichocho. Kuna pia homa ya ini aina ya C, pamoja na mafuta yanayojaa kwenye ini la watu wenye unene wa kupita kiasi na kisukari.

Ikiwa chanzo ni pombe, hakuna kiasi kilicho salama, iwe ni chang'aa, bia au mvinyo wa bei ghali. Wanaoacha kabisa, ini lao huweza kupata nafuu na hata msukumo wa damu kushuka. Kuacha pombe kwa mtu aliyeizoea kwa miaka mingi ni kazi ngumu, na huweza kuleta mitetemeko na kifafa. Kwa hivyo usione haya kuomba msaada wa daktari.

Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kudhibitiwa kwa tembe moja kwa siku, na vile vya aina ya C huponywa kwa tembe za kumeza, aghalabu kwa wiki 12. Mgonjwa akipatikana na aina ya B, mwenziwe na watoto wapimwe, na wasioambukizwa wachanjwe.

Kichocho nacho kina habari yake. Nina mgonjwa mmoja, mama anayeuza nguo za mitumba Gikomba, aliyelelewa Mwea, na ambaye utotoni alishinda akicheza kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga. Minyoo ya kichocho huishi kwenye mishipa ya damu ya matumbo, na mayai yake husafirishwa hadi kwenye ini, ambako huacha makovu kandokando ya mishipa. Miaka tisa iliyopita mama huyu alitapika damu. Alitibiwa kwa prazikwanteli, akafungwa mishipa mara tatu, akaanza propranololi. Tangu hapo hajakosa kliniki hata moja. Ana daftari la mwanafunzi ambamo ameandika kila tarehe, kila mpigo wa moyo na kila tembe aliyonunua. Hajatokwa na damu tena.

Wagonjwa wa kichocho wana bahati moja: kazi ya ini lao kwa kawaida haiharibiki sana, hata ingawa njia ya damu imeziba. Wakikingwa dhidi ya kutokwa na damu, wengi huishi miaka mingi. Ndiyo maana kumpoteza mgonjwa wa aina hiyo kwa sababu ya miadi iliyosahaulika ni jambo la kusikitisha mno.

Vitu vya kujihadhari navyo

Tembe za maumivu za aina ya aspirini, aibuprofeni na diklofenaki ni adui wa mgonjwa huyu. Huchubua tumbo, huzuia damu kuganda vizuri na huumiza figo. Sijui kama tembe za mgongo alizonunua fundi wangu ndizo zilizochangia kifo chake, lakini hakufaa kuzimeza. Ukiwa na maumivu, muulize daktari kuhusu paracetamoli, isiyozidi tembe nne za miligramu 500 kwa siku. Ukienda duka la dawa, neno lako la kwanza liwe, "Nina ugonjwa wa ini." Dawa za mitishamba za kusafisha ini pia ziache, kwani baadhi yake huliua ini lililosalia.

Dawa za kupunguza asidi tumboni zina kazi yake, hasa baada ya kufungwa mishipa, lakini haziteremshi msukumo wa damu. Usizitumie badala ya propranololi.

Kuhusu chakula, usikubali kuambiwa uache nyama, mayai, maharagwe na maziwa. Mwili wa mgonjwa wa ini hukonda haraka na unahitaji vyakula vya kujenga mwili. Punguza chumvi, na ule kitu kidogo kabla ya kulala. Choo kisiwe kigumu. Kikigoma, mwambie daktari.

Damu ikitoka licha ya hayo yote

Ukitapika damu, ukienda choo cheusi kama lami, ukizimia, au jamaa zako wakiona umeanza kuchanganyikiwa na kusinzia ovyo, hiyo ni dharura. Usingoje kupambazuke. Mgonjwa alazwe ubavu ili asipaliwe, asipewe chakula wala maziwa, na apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye damu ya kuongezwa. Ni vyema familia ijue mapema hospitali hiyo ni ipi na gari litatoka wapi. Nyinyi jamaa mlio na afya njema, toeni damu mara kwa mara. Painti inayookoa mgonjwa usiku wa manane ilitolewa na mtu fulani mchana.

Kwa wachache ambao damu hurudi licha ya tembe na raba, kuna njia nyingine, kama vile kutia mrija mdogo wa waya ndani ya ini ili damu ipite, au kubadilishiwa ini. Matibabu haya ni ghali na hupatikana mahali pachache, na Wakenya wengi wanaohitaji ini jipya husafiri India. Tembe na raba ziko karibu zaidi. Kuhusu gharama, kumbuka kwamba Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Hakikisha umejiandikisha na kulipa, kisha uulize hospitalini ni sehemu gani ya matibabu yako inayogharamiwa.

Kabla hujaondoka wadini

Msomaji, ikiwa utalazwa kwa ugonjwa huu, au utakwenda kumchukua mgonjwa wako hospitalini, usitoke bila majibu ya maswali manne. Ni nini kilichoharibu ini hili, na kinatibiwaje? Tembe za kuzuia damu ni zipi, na mpigo wa moyo unapaswa kuwa kiasi gani? Tarehe ya kufungwa mishipa tena ni ipi? Na damu ikitoka usiku, twende wapi? Andika majibu hayo na uyabandike mahali ambapo kila mtu nyumbani atayaona.

Nami nilijifunza kutokana na yule fundi. Siku hizi ninapomwandikia mgonjwa tembe hizi, humtaka anieleze kwa maneno yake mwenyewe ni za kazi gani. Akinijibu kwamba ni za presha, huweka kalamu chini tukaanza upya, hata foleni ikiwa ndefu namna gani.